Jina Lililoitwa Mtini

Kwa Wabulang, wachuma chai wa mlima ule, aliyepanda mti wa chai wa kale haitwi jina mpaka ashuke. Mti wa umri ule una mwenyewe asiyeonekana, naye akilisikia jina hulishika, roho ya mtu ikalifuata. Yi Lun alilijua hilo tangu utotoni. Hata hivyo mwaka jana, chakula kilipoiva, jina la mumewe lilimponyoka. Mumewe aligeuka juu ya mti kuitika, mguu ukateleza, akaanguka akafa.

Leo bintiye, Yi Bing, alikuwa juu ya mti uleule, akichuma majani ya chai nyekundu. Yi Lun aliyaanika chini kwenye nyungo yanyauke, jicho halimbanduki mtoto.

"Mama, utanihesabu nywele."

"Chuma, usiongee."

Ndipo unga ulipodondoka juu ya majani. Unga wa mchwa. Aliinua macho: tawi alilokuwa akilisogelea binti lilikuwa limeliwa ndani, limebaki gamba.

"Wewe, simama!"

"Mimi?" aliuliza shangazi yake Yi Bing, aliyekuwa akichuma mti wa pili.

"Si wewe. Wewe!"

"Wifi, huku juu sote ni wewe."

Yi Bing akacheka, akanyoosha mguu kulifuata tawi. Yi Lun alipaza sauti.

"Yi Bing!"

Mguu uliganda hewani. Kikapu alichokuwa ametangulia kukitundika kwenye tawi lile kilitosha: tawi lilikatika, likaanguka nacho kwa kishindo.

Binti aliposhuka, mama alimpapasa mikono, mbavu, kidole kimoja kimoja. Mzima. Lakini shangazi alikuwa amejiziba mdomo, na Yi Lun alielewa. Mwenye mti alikuwa amelisikia jina.

Alasiri waliyafikicha majani mpaka yakatoa maji, wakayafunika kitambaa kibichi yageuke mekundu. Yi Lun alimfunga bintiye uzi mweupe kifundoni mwa mkono, roho isitoke.

"Jina lile limeshashikwa. Kuanzia leo wewe ni Yi Nam."

"Mama, nina miaka ishirini na miwili. Nina kitambulisho."

"Kitambulisho hakipandi mti."

Binti aliushika uzi, akauzungusha kifundoni.

"Yi Nam," mama aliita, taratibu.

Kimya. Majani yalianza kutoa harufu ya asali chini ya kitambaa. Yi Lun aliogopa kuita tena, akaogopa zaidi kunyamaza.

"Yi Nam."

"Abee, mama."