Sanduku la Kombo

Kitabu cha nane kilimfikia Mwamvita Jumatano mchana, kimefungwa kwa gazeti kuukuu, naye akakipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amekisubiri mwaka mzima. Dereva wa basi la kutoka Mbeya alikwisha kuchoka na maulizo yake. Kila alipokaribia kituo cha Ipogolo alianza kutikisa kichwa angali barabarani, kabla mama wa watu hajafungua kinywa.

Nchi ya Nyuma ya Ukungu kilikuwa kijitabu chembamba, kimoja kila mwaka, kazi ya mwalimu mmoja wa Mbeya aliyeitwa Sedekia. Humo mlikuwa na mfalme asiye na kivuli, nyoka wa shaba anayelinda kisima, na Binti Nuru aliyeweza kuuita ukungu kwa mluzi. Iringa nzima hakuna aliyekipenda kumshinda Mwamvita, na ajabu yake ni kwamba hakujua a wala be. Msomaji alikuwa mumewe, Halfani, aliyekuwa akinunua mpunga Ubaruku na kuja kuuza mjini. Kila mwaka Halfani alirudi na kitabu kipya mfukoni, akakaa barazani baada ya sala ya alasiri, akavaa miwani na kusoma, huku mkewe akipepeta mchele na kumkatiza kila baada ya sentensi mbili.

Mwingine angempenda Binti Nuru. Mwamvita alimpenda Kombo, mpagazi wa Binti, mtu wa maneno ya kipwani kama Halfani mwenyewe, "kunradhi bibi" huku na "yakhe" kule. Kombo alibeba sanduku lililotiwa kufuli. Hakuliacha likanyeshewa hata siku moja, na kila alipofika kwenye kivuko cha mto hakuthubutu kulivusha. Alimwachia bibi kizee mmoja pale ukingoni, akaenda zake, akarudi. Akilinyanyua husema nalo: "Haya mama, twende." Na kila kitabu sanduku lilizidi uzito. Hapo Mwamvita aliweka ungo chini. Sanduku gani hilo linalonenepa bila kufunguliwa? Alikisia dhahabu, alikisia jini, na Halfani alicheka tu, akavua miwani, akaendelea kusoma taratibu, miwani ingali mkononi.

Kitabu cha saba kilikwisha Kombo akisema: "Mwakani nitalifungua, nilifungue mbele ya mtu ninayemwogopa kuliko wote." Mwamvita aliapa kwamba mtu huyo ni mfalme asiye na kivuli. Halfani akasema labda.

Mwaka wenyewe ulimkuta Halfani kitandani. Kiharusi kilimwangusha mwezi mmoja baada ya Idi, kikauchukua upande wake wote wa kulia na ulimi pamoja nao. Mkono wa kushoto ndio uliobaki. Wakapatana, yeye na mkewe, kwamba akibana ni ndiyo, asipobana ni hapana. Na kwa kuwa kitabu cha nane kisingejisoma, Mwamvita, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, alijiunga na darasa la akina mama la jirani yake Evarista, aliyesomea Tosamaganga. Akakaa kwenye benchi akaimba ba be bi mpaka mashavu yakamuuma.

Siku hiyo, basi, alivuta kigoda karibu na kitanda akamsomea mumewe. Alisoma kwa kidole, akikwama kwenye maneno marefu. Mwanzoni alijivuna sana. Kufika ukurasa wa kumi alikuwa na wasiwasi. Huyu Mwalimu Sedekia amepatwa na nini? Maneno yamekauka, kila mtu anazungumza kama barua ya serikali. Nyoka wa shaba, aliyewatisha miaka yote, anakufa kwa mistari mitatu. Na Kombo hayupo. Binti Nuru anatembea siku saba akijibebea mzigo, na hakuna hata mmoja anayeuliza mpagazi wake kaenda wapi.

"Kamsahau!" Mwamvita alisema. "Halfani, umesikia? Mtu kabeba mzigo miaka yote hii, leo anatupwa kama gunia tupu!"

Halfani alikuwa analia. Machozi ya jicho la kushoto yalitiririka mpaka sikioni, na mkono ulikuwa ukipapasa shuka. Mwamvita alidhani wanaumia jambo moja. Akamfuta, akamwahidi kwamba atamwandikia huyo mwalimu, na barua yenyewe haitakuwa ya adabu.

Asubuhi yake alikwenda kumshtakia Evarista.

"Kamwene, dada," Evarista alimpokea. "Umemaliza? Hongera! Mimi changu nimemaliza usiku, nimeona kizuri. Ile ya mfalme kupata kivuli imenifurahisha kweli."

"Kizuri kitu gani? Kombo yuko wapi?"

"Kombo nani?"

"Mpagazi. Yule mwenye sanduku."

Evarista alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeruka mstari. "Dada, hiki kitabu mimi nasoma toka cha kwanza. Hamna Kombo humo. Sanduku nayo hamna. Labda unachanganya na hadithi ingine."

Mwamvita alirudi kwake amefura. Alivitoa vile vijitabu saba chini ya kitanda, akaenda navyo jikoni, na kwa siku tatu alivisoma huku ugali ukiungua. Binti Nuru alikuwamo. Mfalme alikuwamo. Kombo hakuwamo hata kwa jina. Siku ya tatu, cha mwisho kikiwa mapajani, alikumbuka miwani. Kila Kombo alipoingia kwenye hadithi, Halfani alikuwa akivua miwani. Na Halfani bila miwani hakuweza kutofautisha mchele na chuya. Mtu yule hakuwa anasoma.

Akacheka peke yake. Mumewe alimtungia mpagazi mzima, mwenye lafudhi na vituko, ili amchekeshe mkewe! Kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliwaza sanduku. Kivuko cha mto, bibi kizee ukingoni: kivuko cha Halfani, alikokwenda na kurudi kila mwaka, kilikuwa Ubaruku. Katika kitabu cha tatu Kombo alikaa kwenye kivuko siku arobaini, kwa kuwa mwenye sanduku amekufa. Na mwaka ule Halfani alichelewa kurudi, akaja amekonda, akasingizia homa. Na kitu gani huzidi uzito kila mwaka? Na ni nani anayeitwa mama naye bado anabebwa?

Ni binti aliyepewa jina la mama wa baba yake. Kwao Halfani ndivyo walivyofanya wote.

Mama yake Halfani aliitwa Rukia. Mwamvita alilijua jina hilo kuliko mtu yeyote, maana alikuwa amelihifadhi miaka kumi na minne. Mimba tatu zilimtoka, na kila moja ilikuwa ni Rukia wake kabla ya kutoka.

Aliingia chumbani na kitabu cha nane. Akakaa, akaushika ule mkono wa kushoto, akafungua ukurasa wowote. Hakutazama chini.

"'Kombo akafika kwenye kivuko,'" alisoma. "'Akaweka sanduku lake mbele ya mtu anayemwogopa kuliko wote.'"

Halfani akamkazia macho.

"'Akafungua. Ndani mlikuwa na mtoto.'"

Mkono ukabana.

"'Mtoto wa kike. Jina lake Rukia.'"

Mkono ukabana, na safari hii haukuachia.

Mwamvita aliuchomoa wake kwa nguvu. Alitaka kumpiga, mgonjwa na ugonjwa wake. "Jina langu, Halfani!" alisema. "Mwanamke mwingine ningemmeza, na Mungu ni shahidi. Lakini jina langu! Ukanikalisha barazani miaka sita nicheke, nikikisia dhahabu!" Akatoka nje ili asiseme la kuzidi hilo.

Alikaa barazani peke yake. Ilikuwa Machi, na mawingu yalikuwa yamefunika milima yote ya juu ya mji. Aliwaza kwamba sanduku lilianza kubebwa kitabu cha pili, kwa hiyo mtoto ana miaka sita, labda saba. Aliwaza kwamba mama yake yuko kaburini na baba yake ndiye huyu. Halafu akakumbuka, na hakupenda kukumbuka, kwamba katika kitabu cha saba bibi kizee alikuwa haoni tena vizuri, akitafuta mlango kwa kupapasa ukuta. Tangu hapo mwaka umepita, na hakuna Kombo aliyefika kwenye kivuko.

Tone la kwanza lilipiga bati. Akainuka, akarudi chumbani.

"Sijakusamehe," alisema. "Na usinitazame hivyo, maana sijui kama nitakusamehe. Yule bibi bado yu hai?"

Aliushika mkono akangoja. Haukubana, ulitetemeka tu. Hakujua, na angejuaje, aliyelala kitandani mwaka mzima bila ulimi.

Mwamvita alimfunika, akachukua kanga ya pili na mwavuli wa mumewe uliotundikwa nyuma ya mlango, akapita kwa Evarista kumwomba akae na mgonjwa mpaka atakaporudi. Mvua ilikwisha kuchanganya. Evarista alisimama mlangoni na mikono yenye unga, akitazama barabara na jinsi maji yalivyokuwa yakiteremka.

"Malori ya Ubaruku siku hizi yanakwama njiani siku mbili tatu, dada. Si ungoje hata mvua ikatike? Unafuata nini huko?"

Mwamvita alifungua mwavuli.

"Kuna sanduku linanyeshewa," alisema.