Chupa ya Shemeji

"Wivu? Mimi? Wivu niliuacha shule pamoja na kaptula!" Fundi wa maabara alitamba hivyo kifua mbele, huku jicho moja likihesabu viputo kwenye chupa ya shemeji yake.

Shemeji, binti aliyekuwa mdogo wa mkewe, alikuwa na miezi mitatu tu pale, tena kazi aliombewa na huyuhuyu Fundi. Chupa zao zilikaa rafu moja, zina mwani uleule wa kijani-buluu. Kesho yake Mkuu wa maabara angepima, na ambaye chupa yake ingetoa haidrojeni nyingi zaidi angekabidhiwa tangi jipya la juu ya paa. Fundi alilitaka lile tangi mpaka akaliota. Na viputo vya shemeji vilikuwa vinamzidi.

Wenzake walipotoka kula mchana, roho ya kwa nini ikampanda kichwani. Mwani huo hujilisha nitrojeni ya hewani.

"Basi leo mtalala njaa," akauambia. Akachomoa bomba la hewa kwenye chupa ya shemeji, akachomeka la mtungi wa argoni, gesi isiyoliwa na kiumbe yeyote. Akaondoka akipiga mluzi.

Asubuhi Mkuu akapima. Akarudia. Akavua miwani.

"Ya binti imetoa mara tatu ya jana! Nani kaweka argoni? Akili hiyo! Kimeng'enya cha mwani kikikosa nitrojeni ya kushughulikia, nguvu zake zote huishia kwenye haidrojeni."

"Sijui, Mkuu," shemeji akasema. "Mimi niliacha hewa ya kawaida."

"Acha unyenyekevu, mwanangu. Tangi lako hilo."

Angenyamaza tu, Fundi angesalimika. Lakini kusikia akili yake inasifiwa kwa jina la mwingine, koo likamwasha.

"Mkuu, samahani! Argoni niliweka mimi! Nilitaka kumsaidia shemeji yangu kimyakimya. Si ndugu yangu?"

"Jamani, shemeji!" Binti machozi yakamlenga.

Mkuu akatabasamu. Mkono wenye ufunguo wa paa ukageuka taratibu kumwelekea Fundi.

Hapo mama wa usafi akaweka ndoo chini.

"Kumsaidia? Jana mchana nilikuwa chini ya meza hiyo, nakwangua sakafu. Kwa hiyo ile 'leo mtalala njaa' ilikuwa dua, baba?"