Karatasi Themanini za Naiden

Siku ile mpumbavu alikuwa Naiden, na afadhali tuliseme mapema kabla hajapata wa kumsingizia. Wapumbavu wengine hukosea kwa uvivu. Yeye alikosea kwa bidii: karatasi themanini, ndoo ya gundi, na brashi ya kupakia chokaa.

Naiden alikuwa mwendeshaji wa mtambo wa majitaka wa Gorna Slivka, kule chini ya mji, mto unapokata kona. Mtambo ulikuwa umelala miaka mitatu. Majira yale ya baridi, yeye na Zdravka wa maabara waliufufua. Walileta tope hai kwa lori la kunyonya kutoka mkoani, wakalipulizia hewa mchana na usiku, wakalilea kama mtoto njiti. Maana pampu hazisafishi kitu. Wanaosafisha ni vijidudu wasioonekana kwa macho, ambao hula uchafu wa watu na kuomba waongezwe. Zdravka aliwatazama kwenye hadubini kila asubuhi.

"Wameamka," alizoea kusema. "Wana njaa kumshinda mume wangu."

Jumanne angekuja mkaguzi wa mkoa kuchota chupa moja ya maji yanayotoka mtamboni. Yakiwa safi, kibali. Yakiwa machafu, mtambo unafungwa, Naiden na Zdravka wanarudi nyumbani, na choo cha mji mzima kinarudi mtoni kama zamani.

Kilichomnyima Naiden usingizi ni kabichi. Gorna Slivka haina nyumba isiyo na pipa la kabichi ya chumvi chini ya ngazi. Hujazwa Novemba, huliwa baridi nzima, na maji yake ndiyo dawa ya kichwa kilicholala na rakia, ile pombe kali ya matunda. Jua la Machi likianza kuchoma, masalia yanaanza kunuka, na pipa linamwagwa. Ni lita mia za chumvi na uchachu. Kwa kijidudu, hiyo ni sawa na wewe kulazwa ndani ya siki.

"Nitabandika tangazo," Naiden alisema Alhamisi.

"Waache," Zdravka akajibu bila kuinua jicho kwenye hadubini. "Kila mwaka wanamwaga na mto haujawahi kukuandikia barua."

"Mkaguzi ataandika. Watu ni waelewa, dada. Ukiwaambia kistaarabu wanaelewa."

"Watu gani hao? Unawatoa mji gani?"

Akabandika. Kwa kuwa alikuwa mstaarabu, hakutaka kuwashtukiza wananchi, akawapa nafasi. Tangazo lilisema hivi: kuanzia Jumamosi saa sita kamili mchana mpaka Jumatano, ni marufuku kumwaga maji ya kabichi kwenye mfereji. Hakueleza sababu, maana aliamini tangazo refu halisomwi. Akalibandika kwenye nguzo zote, katikati ya matangazo ya vifo, mahali ambapo hakuna mtu wa Gorna Slivka anayepita bila kusoma. Kila mtu hutaka kujua nani kamtangulia. Kufika Ijumaa jioni, hata vipofu walikuwa wamesomewa.

Jumamosi saa tatu asubuhi, harufu ilitangulia. Naiden alikuwa amesimama kwenye wavu wa kuchujia, pale majitaka yanapoingia, akasikia uchachu unampanda puani. Likafuata jani moja la kabichi. Kisha vipande vya karoti. Kisha maji yakaja ya waridi, maana mtaa wa juu hutia bitiruti kwenye mapipa yao ili kupendeza.

"Zdravka!"

"Nimeshanusa."

Wakayageuzia kwenye tangi la akiba. Likajaa kwa saa moja. Lilibaki bomba la kupeleka moja kwa moja mtoni, lakini usukani wake ulifungwa kwa lakiri ya madini ya risasi na wakaguzi wenyewe, na hata Naiden angeivunja, angekuwa anauchafua mto ili kuuokoa mto. Akampigia meya.

"Si wewe uliyebandika?" meya akauliza. Nyuma yake pipa lilisikika likiburutwa.

Akaupigia mtambo wa mkoa kuomba tope jipya.

"Jumatatu, kaka," mlinzi akamwambia. "Leo hakuna mtu. Hata mimi nihesabu sipo."

Akafungua mashine za hewa mpaka mwisho. Tangi likachemka kama sufuria ya harusi, povu likamwagika kwenye viatu vyake. Ilikuwa sawa na kumpepea maiti, naye alijua, lakini mkono usio na kazi humtesa mwenyewe.

Zdravka aliinama kwenye hadubini muda mrefu mno.

"Wanaogelea?" Naiden akauliza.

"Njoo utazame mwenyewe. Sitaki niwe mimi wa kusema."

Akatazama. Jana palikuwa kama siku ya gulio, kila mmoja na haraka yake. Leo walitawanyika wamejikunyata, hakuna aliyekuwa akienda kokote. Kwenye silinda ya kioo, tope ambalo hutua chini kwa nusu saa lilikuwa limening'inia tu, na maji juu yake yalifanana na chai ya maziwa. Zdravka akavua glovu moja moja, akazikunja kama mtu anayefunga mzigo.

"Kuwakuza upya?"

"Wiki tatu. Na leo ni Jumamosi."

Naiden akapanda kilima kwa miguu, mbio, na viatu vyenye povu. Kila uchochoro mipira ya maji ilikuwa inatiririka. Mapipa yamelazwa ubavu juani, watu wanapongezana juu ya uzio kama walioshinda bahati nasibu. Mlangoni kwa Bibi Tsona, jirani wa mama yake, aliona sketi na soksi za sufi. Mwili uliobaki ulikuwa ndani ya pipa, unasugua.

"Bibi Tsona! Tangazo hukuliona?"

"Nimeliona," pipa likajibu. "Gundi yako mbaya, limeshabanduka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimewahi. Saa ngapi sasa?"

"Tano na nusu."

"Basi usinipigie kelele, sijavunja sheria. Wakubwa wakisema siku nne, sisi tunajua ni milele na faini juu. Mimi si mtoto."

"Umeniua, Bibi! Mmeniua wote! Jumanne wanafunga mtambo!" Majirani walikuwa wamezima mipira ili wasikie vizuri. "Mngemwaga kidogo kidogo tu! Mapipa kumi leo, kumi kesho, mengine baada ya Pasaka! Mtambo ungemeza wala nisingejua!"

Bibi Tsona akatoka ndani ya pipa taratibu, kipande cha kabichi kimemganda kwenye kitambaa cha kichwa, akamtazama kwa huruma.

"Ndivyo tulivyokuwa tukimwaga kila mwaka, mwanangu, kila mtu kwa siku yake, mpaka wewe ulipotuwekea saa."