Sikio la Kushoto la Cliff

Siku ya Krismasi ya mwaka 1998 Kaluki alifika Kikoneni saa tatu asubuhi, akiwa na mikate minne, sukari na miche miwili ya sabuni. Alikuwa mfuaji katika hoteli moja ya Diani, na tangu watalii wapungue alikuwa akipewa siku tatu tu za kazi kwa wiki. Familia ilikutana kwa kaka yake mkubwa, Jethro, mzee wa kanisa, ambaye shamba lake lilikuwa kubwa kuliko mashamba ya wenzake wote wa bara waliopewa ardhi upande ule.

Nusu ya shamba hilo ilikuwa ya kaka yao wa kati, Makau. Makau na mkewe Maryanne waliuawa Agosti ya mwaka uliotangulia, siku zile watu wa bara walipokuwa wakivamiwa majumbani, na nyumba yao ikachomwa. Mtoto wao, Cliff, alitoroka kupitia dirishani. Mzee Dzombo, jirani yao Mdigo, alimkuta asubuhi katikati ya mihogo, akamfunika kikoi chake na kumpeleka kwa baba yake mkubwa.

Kaluki hakuwa amemwona mtoto tangu mazishi. Alimkuta ameketi nje ya jiko, sasa ana miaka saba, sikio lake la kushoto limezibwa kwa pamba.

Jemima, mke wa Jethro, alimweleza huku akikata vitunguu. Sikio lile lilikuwa likitoa sauti. Lilianza wiki ya mazishi. Kila lilipoachwa wazi lilisema yale yale tangu mwanzo hadi mwisho, kama redio iliyopunguzwa, na kanisani liliwasumbua waliokaa karibu. Muuguzi wa zahanati alilimulika kwa tochi akasema ni zima. Alitoa dawa ya matone, haikufaa kitu. Basi wakawa wanaliziba, na mtoto alisikia vizuri kwa lile la kulia.

"Wewe kaa naye upande wa kulia tu, wifi," Jemima akasema, akamkabidhi ungo wa mchele.

Kaluki akakaa kulia. Wakachagua mchele pamoja, yeye na mtoto. Kaluki akamsimulia habari za mgeni mmoja aliyesahau meno yake ya bandia ndani ya foronya. Yakaingia mashineni na mashuka, yakatoka yameng'aa, na mgeni akaomba yafuliwe tena wiki ya pili. Cliff akacheka, kisha akaziba mdomo na kutazama mlango wa nyumba kubwa. Baadaye akaanza kumwekea shangazi yake vijiwe alivyovipata yeye, ili fungu la shangazi lionekane kubwa.

Mchele ulipokwisha, akaitoa pamba mwenyewe.

"Sikiliza, shangazi. Lakini ukifika mwisho usinibane mkono. Wote hunibana."

Kaluki akainama, akaweka sikio lake kwenye sikio la mtoto. Kwanza alimsikia mbwa wa Makau akibweka. Kisha mbwa akanyamaza, namna mbwa anavyonyamaza akimtambua mtu. Mlango ukagongwa. Makau akauliza ni nani.

"Fungua, Makau. Ni mimi, Jethro. Niko peke yangu."

Komeo likatolewa. Ikafuata miguu mingi, na Maryanne akiita mara moja tu. Halafu ile sauti ya kwanza ikasema tena, kwa utulivu, kama ilivyokuwa imewaombea wasafiri walipowasili asubuhi hiyo ya Krismasi: "Mtoto yuko chumba cha pili." Dirisha likagonga ukuta. Majani ya mihogo yakachakarika. Pakawa kimya.

Kaluki alikuwa amembana mtoto mkono. Akamwachia, akamwomba radhi. Akamuuliza ni nani anayemziba sikio.

"Baba mkubwa. Kila asubuhi. Husikiliza kwanza, halafu ndipo anaziba."

Kaluki aliirudisha pamba mahali pake. Alimkuta mama yake, Bi Kanini, chumbani akikunja leso. Akamweleza kwa kunong'ona, na mama akaendelea kukunja. Alikuwa amelisikiliza sikio siku ya tatu baada ya mazishi. Jemima vilevile. Nyumba nzima ilikuwa imesikiliza.

"Na mkakaa naye?" Kaluki akauliza.

"Nilizaa watatu. Mmoja wamemuua. Ukimpeleka huyu kwa polisi, nitabaki na nani?" Akaiweka leso juu ya zile nyingine. "Usimwonyeshe kwamba umesikia. Alimtaja mtoto mara moja, anaweza kumtaja tena."

Saa nane wakala chini ya turubai. Jethro aliomba, kisha akakata nyama ya mbuzi na kumgawia kila mtu kwa mkono wake. Kaluki akasubiri mpaka kaka yake amelainika kwa chakula, akamwomba amruhusu kumchukua Cliff, akasome Ukunda, alikopanga yeye.

Watu wakaacha kutafuna. Jethro akapangusa kisu kwa jani la mgomba.

"Umekaa naye upande gani?"

"Wa kulia, kaka."

"Vizuri." Akasema kwamba mtoto wa Makau atakulia kwenye ardhi ya Makau, na kwamba watu wangesemaje akilelewa katika chumba cha kupanga. Halafu akachagua kipande cha ini na kumwekea dada yake sahanini, kama alivyokuwa akifanya walipokuwa wadogo. Kaluki alikila chote, kwa sababu alikuwa akitazamwa.

Jioni wageni wakaondoka. Kaluki hakuondoka. Alimtumia salamu Dolphine, aliyekuwa akifua naye hotelini, kwamba kazi apewe mwingine. Akatandika mkeka katika chumba cha Cliff, baina ya mtoto na mlango, akawa analala hapo. Mchana alilipalilia shamba la Makau, ambalo hati yake ilitoka mwaka uliofuata kwa jina la Jethro, na mahindi yake ndiyo waliyokula.

Mwezi wa Machi sikio likaanza kusema mapema zaidi. Kabla ya mbwa, sasa Makau alisikika akiuliza chumvi iko wapi. Mwezi wa Mei akawa anamfundisha mwanawe kuhesabu kwa Kikamba, na Maryanne anacheka kila mara mtoto anaporuka saba. Kufikia mavuno lilikuwa likianza tangu jua la siku ile kuzama, na Kaluki na Cliff walikaa nyuma ya jiko vichwa vimegusana, wakisikiliza kwa muda wa karibu saa tatu mluzi, vyombo na mazungumzo ya watu wanaopendana. Walipomsikia mbwa waliziba.

Jethro hakulalamika. Ila, ili alisikilize lote mpaka mwisho kabla ya kuliziba, ilimbidi sasa aamke saa tisa za usiku. Alikuja na taa ya chemni, akagonga mlango taratibu asimwamshe mama yao, akasema ni yeye, na Kaluki akamfungulia.