Ukurasa Uliorukwa

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, na chumba changu cha kusubiria kina viti vinne. Wiki iliyopita alikaa hapo mteja mmoja, mwanamke wa makamo, akisubiri seti yake ya juu, simu mkononi. Akaniambia kwa majivuno kwamba tamthilia ya vipindi arobaini ameimaliza kwa siku mbili, na kabla hata ya kuianza alikuwa ameshasoma mwisho wake mtandaoni, ili asije akashtuka.

Ili asije akashtuka! Nilimwingiza ndani nikiwa nimenuna. "Sasa ulikuwa unaangalia nini?" nikamuuliza, lakini mdomo wake ulikuwa umejaa vidole vyangu, hivyo hakunijibu.

Sisi enzi zetu tulikuwa na dakika ishirini na tano kwa wiki. Mchezo wa Ijumaa ulianza saa moja na nusu jioni, na ukiukosa, umeukosa. Jumapili kulikuwa na kichekesho cha dereva aliyeishi nyumba moja na mama mkwe wake, nacho kilikuwa kitamu, sikatai. Lakini Ijumaa ilikuwa Ijumaa. Mitaa ilinyamaza, maduka yakafungwa nusu mlango, na mwenye televisheni alijikuta na ndugu ambao hakuwahi kujua kuwa anao.

Vijana wakiviona vipande vichache vilivyobaki vya michezo ya zamani, wanacheka. Wacheke tu. Ni kweli kuta za studio zilikuwa za mbao nyembamba, na mtu akibamiza mlango, ukuta mzima ulitetemeka pamoja na picha ya marehemu. Chombo cha maua kilikuwa kimoja: wiki hii kiko sebuleni kwa tajiri, wiki ijayo kiko hospitalini kando ya mgonjwa maskini. Hatukujali hata chembe. Waigizaji wale mchana walikuwa makarani na walimu, na jioni walitutoa machozi. Siku moja taa ya studio ilianguka hatua moja tu kutoka alipopiga magoti mmoja wao, katikati ya maneno ya posa. Akaitazama, akasema, "Hata taa imekubali," kisha akaendelea kuposa. Nionyeshe leo anayeweza hivyo.

Hayo ya ndani niliyajua kwa sababu dada yangu mkubwa alikuwa mpiga chapa wa kituo. Mwandishi wa mchezo aliandika kwa kalamu, kwa mwandiko ambao hata yeye mwenyewe aliusoma kwa kukisia. Kila Jumatatu dada aliyapiga chapa maneno yale kwenye stensili, zile karatasi za nta za kurudufishia, nakala zikatolewa, na kila mwigizaji akapata nakala yake. Alhamisi wanarekodi, Ijumaa tunaona. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu mchana hadi Ijumaa jioni, dada yangu alikuwa mmoja wa watu wachache mno waliojua kitakachotokea, naye alikuwa amekula kiapo asiseme.

Alikishika kiapo hicho hadi ikawa kero. Karatasi za kaboni alizichoma mwenyewe nyuma ya jengo, maana watu walishaanza kupekua taka za kituo. Muuza nyama alimwongezea kipande cha steki kila Jumamosi, akimnong'oneza, "Vipi, ataolewa?" Dada aliipokea steki, akatazama dari, akasema, "Sijui." Mama yetu mzazi alimuuliza, akajibiwa "Sijui." Mimi nilimtega, nikambembeleza, nikamfanyia vitimbi vyote anavyovijua mdogo wa mwisho. "Sijui." Miaka tisa alisema neno hilo bila kupepesa macho.

Mwaka ule wa tisa mchezo ulimhusu mwanamke tuliyemwita Mjane. Mumewe alitoka kwenda kununua kiberiti, asirudi kwa miaka kumi na miwili. Kila mtu aliamini amekufa, isipokuwa wale tuliokuwa na akili. Wakili aliyekuwa akishughulikia hati zake za nyumba akampenda, wakapanga ndoa. Siku tatu kabla ya ndoa, mtu akagonga mlango. Mjane akasogea. Kutoka nje kikasikika kikohozi, kikohozi kile kile cha miaka kumi na miwili iliyopita. Akaweka mkono kwenye komeo. Muziki ukapiga, majina yakapanda, kipindi kikaisha.

Siku nne baadaye, Jumanne, nililazwa. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja na uvimbe tumboni ambao daktari alikuwa akiuzungumzia kwa sauti ya chini. Ningepasuliwa Alhamisi asubuhi. Nilikuwa naogopa kufa, nasema wazi. Usiku nilikuwa nahesabu vigae vya ukuta ili nisiwaze. Na katikati ya hofu hiyo yote, kulikuwa na jambo moja dogo la kipuuzi ambalo sikuweza kulivumilia: kwamba huenda nikafa Alhamisi bila kujua kama Mjane alifungua mlango.

Jumatano jioni dada alikuja kuniona. Alileta sabuni, kanga mbili na chupa ya chai. Nikamwacha akae, kisha nikamshika mkono.

"Dada, niambie. Anafungua?"

Akatazama dari. "Sijui."

"Dada, mimi si muuza nyama. Kesho napasuliwa."

"Najua, mdogo wangu."

"Sitamwambia mtu. Nitamwambia nani? Ninong'oneze sikioni tu, nilale."

"Kweli sijui."

Nilimtazama usoni nikaona sura ile ile ya miaka tisa. Damu ikanipanda. Nikamwambia kwamba moyo wake umekuwa karatasi. Nikamwambia kwamba mimi nakwenda chini ya kisu naye analinda siri za ofisi, kana kwamba zitamzika. Kisha nikasema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka nafumba macho. "Kesho wakinifunika shuka, usije kunililia. Nenda ukazililie stensili zako."

Mama wa kitanda cha saba akaacha kutafuna. Dada alisimama, akaifunga vizuri chupa ya chai, akanifunika miguu, akaondoka. Nilitaka kumwita. Kiburi kikanikataza.

Alhamisi mchana nikaamka nikiwa na kiu, maumivu na mshono mrefu. Daktari alisema uvimbe umetoka wote, na kwamba majibu ya maabara yangechukua wiki mbili. Yalikuja mazuri, nakuambia mapema ili usishikilie roho mkononi. Lakini wakati huo sikujua.

Ijumaa saa kumi dada akaja na gauni safi la kulalia. Ningempa kisogo, lakini mshono haukuniruhusu kugeuka, hivyo nikampa ukimya. Akanichana nywele taratibu. Muda wa wageni ulipokwisha, nesi mkuu wa wodi, mwanamke aliyeogopwa na madaktari wenyewe, alimwambia anaweza kubaki. Kisha akafanya jambo ambalo nadhani halikuruhusiwa na kanuni yoyote. Alichukua televisheni ya chumba cha wauguzi, akaiweka juu ya toroli la dawa, akaisukuma hadi katikati ya wodi yetu na kuichomeka.

"Anayetaka kukojoa akojoe sasa," akatangaza.

Vitanda kumi na viwili viliinua vichwa. Saa moja na nusu muziki ukaanza, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nikahisi raha imenipanda hadi kooni. Nilikuwa hai na Ijumaa ilikuwa imefika.

Mjane alikuwa bado ameshika komeo. Kikohozi kikasikika tena. Akaliachia, akarudi nyuma, na Wakili akaingia kwa mlango wa jikoni, mkoba mkononi. Wakazozana kwa sauti za chini, na jinsi walivyozozana! Wakili hakupiga kelele hata mara moja. Alisema, "Kama ni yeye, mimi nilikuwa nani?" Mama wa kitanda cha saba akalia waziwazi. Wakili akaichukua kofia yake, akasema kwaheri, akatoka kwa mlango wa jikoni, na ukuta ukatetemeka kama kawaida.

Mara Wakili huyo huyo akaonekana amesimama dirishani, sebuleni, ametulia. Akamwambia Mjane kwaheri, akatoka tena.

Wodi nzima ikapigwa na bumbuwazi. "Si ameshaondoka?" akauliza mtu. "Amerudi lini?" Yule wa nje, masikini, bado alikuwa akigonga kwa adabu. Nikaanza kucheka, mshono ukanivuta, nikalia kwa maumivu na kucheka kwa pamoja.

Dada hakuwa akicheka. Alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ameruka ukurasa!" akasema. "Mungu wangu, ameruka ukurasa mzima! Hapo katikati lazima alirudi, labda kachukua kitu alichosahau. Kila mtu kafundishwa kipande chake, hakuna aliyeona. Nilijua tu. Yule binti anachapa huku anatazama dirishani."

"Binti gani?" nikauliza.

Akavuta kanga begani. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuelewa. Kwa miaka tisa hakuna mtu mwingine aliyewahi kugusa mchezo wa Ijumaa. Hata alipougua malaria alichapa akiwa na homa, kwa kuwa hakumwamini mtu. Dada yangu hakuwahi kuruka hata nukta.

"Dada, hukuchapa wewe?"

"Angalia mchezo."

"Hukuchapa wewe."

"Jumatatu nilimpa binti wa matangazo ya biashara," akasema, macho yake kwenye televisheni. "Nikamwomba mwandishi asinionyeshe hata mstari mmoja. Ningejua, ungenisoma usoni, na mimi nisingeweza kukunyima. Si wewe, si siku ile. Nikaona bora nisijue kabisa."

"Sasa kwa nini hukuniambia Jumatano? Nimekutukana, nawe umekaa kimya!"

"Nilikuambia. Nilisema sijui."

Kwenye kioo Mjane alikuwa anarudi mlangoni, hatua kwa hatua. Wodi yote ilikuwa imeshika pumzi, na nesi mkuu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha mgonjwa, jambo alilotukataza sisi kila siku.

Dada akazungumza tena, kwa sauti ndogo. "Nilijisemea, kama wewe hutafika Ijumaa, na mimi sitauangalia. Sitauliza mtu. Nitakufa sijui."

Nikayatoa macho kwenye televisheni. Nilimtazama yeye tu. Alikuwa ameinama mbele kwenye kiti kile cha chuma, ncha ya kanga imeumwa menoni, mwanamke wa miaka thelathini na tisa ambaye hakuwahi hata mara moja katika miaka tisa kuuona mchezo wake mwenyewe kama tulivyouona sisi. Hakuwa na habari na mtu. Komeo likalia. Macho yake yakapanuka, yakajaa machozi, kisha uso wote ukacheka, na akaukamata mkono wangu akaubana hadi vidole vikafa ganzi.

Wodi ililipuka kwa vifijo. Mama wa kitanda cha saba alikuwa anapiga kijiko kwenye kikombe.

Kanda zile kituo kilizifuta baadaye na kurekodia mpira juu yake, kwa hiyo hakuna tena mahali pa kuitazama dakika ile. Nimesimuliwa mara nyingi na watu walioiona. Wengine wanasema Mjane alimkumbatia mumewe, wengine wanaapa kwamba alimpiga kofi kwanza. Mimi huwa nawaitikia wote.

"Umeona?" dada akaniuliza, akijifuta machozi kwa kanga. "Umeona alivyomtazama?"

Nikamwambia nimeona.