Vidole Viwili Chini ya Kizibo

Mashine ya kuziba chupa niliishika miaka kumi na tisa, na vidole vyangu vyote kumi ninavyo mpaka leo. Nasema hivyo kwa sababu aliyenifundisha alikuwa na saba.

Karakana yetu ilikuwa ya siki, chumba kimoja chenye sakafu ya saruji isiyokauka. Siku moja fundi mkuu akaniambia, "Mama, pumzika sasa. Wewe utajaza chupa. Mashine ataishika wifi yako."

Wifi yangu! Dada wa mume wangu, niliyemwombea kazi kwa mdomo wangu huu huu. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Nikamfundisha mimi mwenyewe, na muda si muda akawa anapiga mpini wa kushindilia vizibo kama anacheza, chupa mbili kwa moja yangu. Wenzetu wakampa jina: Umeme.

"Wifi, umesinzia? Chupa zinachelewa!" akanichokoza.

"Haraka ya nini, umeacha chungu jikoni?" nikajibu, nacheka meno tu. Moyo ulikuwa unachemka.

Basi nikafanya upumbavu. Chupa hujazwa ikaachwa nafasi ya vidole viwili chini ya kizibo, hewa ipate pa kukaa. Asubuhi moja, mwezi wake wa tatu kwenye mashine, nikajaza chupa kumi na mbili mpaka karibu na mdomo. Nilitaka vizibo vimrudie tu, aonekane hajui kazi.

Cha kwanza kilimrudia. Akakisukuma, kikapanda tena polepole kama kichwa cha kobe.

"Leo umeme umekatika!" wenzetu wakacheka.

Nami nikajifanya napangusa meza. Utamu nilioupata, Mungu anisamehe.

Lakini wifi si mtu wa kuchekwa akatulia. Akaweka chupa ya pili, akaikaba shingo kwa mkono wa kushoto isicheze, akaanza kuulalia mpini kwa kifua chake chote. Nikaona kinachokuja. Siki haibonyei. Kizibo kikilazimishwa na hewa haina nafasi, kinachopasuka ni chupa, na chupa ilikuwa ndani ya kiganja chake.

Ningeweza kusema "toa mkono" nikaishia hapo. Ulimi haukunisubiri.

"Acha mpini! Acha! Nimezijaza mimi, makusudi!"

Wifi akauachia mpini. Akaitazama chupa, akanitazama mimi. Kisha akamimina siki kidogo kwenye ndoo na kupima kwa vidole vyake viwili.

Fundi mkuu akafungua mdomo. Wifi akamtangulia.

"Mwache. Wifi, ulinifundisha kupiga mpini tu. Huu mkono wa kushoto unakaa wapi?"

Hilo nalo nilikuwa nimelibana. Miezi mitatu namwona anashika shingo ya chupa, nami kimya.

"Mgongoni," nikasema. "Chupa inashikwa na kiti chake hapo kwenye mashine, si na wewe."

Akauweka mgongoni, akapiga. Kizibo kikazama kikawa sawasawa na mdomo wa chupa, kizuri kuliko vyangu vyote.

Wivu haukuisha pale pale, nisidanganye. Nikaivuta ndoo, nikaanza kupunguza zile kumi na moja zilizobaki, moja moja, vidole viwili, vidole viwili, huku nikimsikia nyuma yangu akipiga mpini haraka kuliko mimi.