Simu Isiyo na Waya na Mama Mkwe Wangu

Mwanangu Optatus ana duka la vifaa vya umeme pale Kilosa. Wakati wa masika alinitumia boksi kwa basi mpaka hapa Mikumi, na ndani yake mlikuwa na simu ya mezani isiyo na waya: kitako kimoja cha kuchomeka kwenye umeme, na mikonga miwili ya kutembea nayo. Hata usipoweka laini, mikonga inaongea yenyewe kwa yenyewe, mmoja chumbani, mwingine bustanini. Ilikuwa ya bei ya chini kabisa, na jina la kiwanda chake lilihitaji mtu mwenye meno yote kulitamka, kwa hiyo mimi nikaliacha.

"Baba, wewe huna kazi," Optatus akaniambia. "Ijaribu hapo nyumbani uone kama inafaa. Ikifaa naagiza za kujaza duka."

Kuambiwa sina kazi kuliniuma. Mtu aliyestaafu reli ana kazi kubwa ya kukumbuka, na kumbukumbu zikipungua inambidi aongeze nyingine. Lakini boksi lilikuja wakati mzuri, maana nyumba yangu ilikuwa na shida ya mawasiliano kuliko mkoa mzima wa Morogoro.

Shida yenyewe ilikuwa mama mkwe. Bibi Yusta, mama yake mke wangu Devota, alihamia kwetu baada ya mto Mkondoa kumchukulia nyumba kule Kidete. Sasa kwa watu wa upande wa mke wangu, mwanamume haonani uso kwa uso na mama mkwe wake, hali naye chakula, wala haketi naye chumba kimoja. Vijana wa leo wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana. Sisi wa zamani, thubutu! Bibi Yusta anakaribia miaka tisini na hajawahi kuvunja mila, nami sikutaka aanzie kwangu.

Basi sebule ikawa yake, mimi nikawa wa nje. Chakula nilikula stoo pamoja na magunia ya mahindi. Mpira niliutazama dirishani kwa nje, nimeshika mwavuli, goli likiingia naruka ndani ya tope. Na kabla ya kuingia uani ilinibidi nikohoe ili Bibi ajifunike. Nilikohoa mpaka jirani yetu Ngolo akaniletea mizizi ya kuchemsha, akaniomba kwa upole nikapime kifua.

Bibi aliyaona yote hayo. Siku moja nikamsikia akimwambia Devota, "Mwanangu, nimemnyang'anya mwanaume wa watu kiti chake. Mwite Yared aje anichukue."

Yared ni mdogo wake Devota, anaishi Rudewa. Ni mtu mwema, lakini yeye na mkewe wanashinda shamba la mbali, na Bibi angebaki kutwa nzima akitazamana na ukuta. Devota alilia jikoni, akasingizia vitunguu, hata siku tuliyokula ugali na maziwa ya mgando.

"Baba Optatus, mama akienda kule atakufa na upweke. Fanya kitu."

"Nifanye nini? Hata kumwambia abaki siruhusiwi."

"Ndiyo maana nimesema fanya. Sijasema sema."

Hapo ndipo boksi lilipofika. Simu ya mkononi Bibi haitaki. Aliwahi kupewa moja, na wa kwanza kumpigia alikuwa tapeli, akamwambia ile hela aitume kwenye namba hii. Bibi akaanza kumsimulia habari za ukoo, mmoja baada ya mwingine, mpaka tapeli akaomba msamaha na kukata. Tangu siku hiyo anasema simu ile haina watu wa maana.

Nikachomeka kitako sebuleni wakati Bibi anaota jua nje, mkonga mmoja nikampa Devota ampelekee, nami na wangu nikajifungia stoo. Nikabonyeza. Ukalia kama kinda la bata.

"Shikamoo mama," nikasema.

Halafu nikamsikia akimuuliza Devota, "Naruhusiwa kumjibu?"

"Sijui mama. Mila inasemaje?"

"Mila inakataza macho na sahani. Waya haikuutaja."

"Hii haina waya, mama."

"Basi ndiyo kabisa. Marahaba, mkwe!"

Nikaanza kazi niliyotumwa. Sauti: kama ya mtu aliyetumbukia kwenye simtanki, lakini unamwelewa. Umbali: boksi liliahidi mita mia tatu; mimi nilipofika zizi la Ngolo, Bibi akawa anaongea silabi moja moja kama mtoto wa chekechea. Nikamwambia tembo ametoka hifadhini na kusimama katikati ya mawasiliano yetu.

"Mpishe kwa heshima," akasema. "Kidete tembo mmoja alisimama kwenye reli, treni ikamwamkia."

Nikasimama palepale. Miaka yote niliyofanya kazi stesheni ya Kidete, uongo mkubwa kuliko wote pale nilidhani ni wangu. Kumbe ulikuwa unapikwa nyumba ya pili, na mimi naoa binti tu, sijui nimeacha nini!

Tukaanza. Nikimpa chatu aliyelala relini mpaka mabehewa yakapita juu yake bila kutikisika, ananirudishia mhindi mmoja wa mahindi uliolisha watu wa msiba. Devota akawa anapita na ndoo akitikisa kichwa, maana kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa anabeba salamu zetu, na zilikuwa salamu tu.

Ubaya ulikuwa betri. Kioo kinaonyesha imejaa, unaongea kidogo tu, mkonga unazima. Nilizitoa nikazianika juani, nikazing'ata kama tunavyofanya za redio, wapi! Na umeme ukikatika, kitako nacho kinakufa, na mikonga yote miwili inakuwa ya kukunia mgongo.

Jumamosi Yared akaja na pikapu ya kuazima. Nilidhani Bibi ameghairi. Hakughairi.

"Mama, si umeshazoea hapa?" Devota akamuuliza, nami nasikia kupitia mkonga.

"Nimezoea. Lakini nimemwita mtu, ametafuta gari, amekuja. Nimwambieje, eti nimenogewa na simu? Mimi si mtoto."

Mizigo ikatolewa, ikapakiwa. Yared akapewa chai kwanza, na Bibi akaona autumie muda huo kuniaga. Nikakaa juu ya gunia, mkonga sikioni, moyo mzito.

"Mkwe, sikukusimulia mafuriko yalivyonichukua."

"Hukunisimulia, mama."

"Maji yaliinua kitanda nimelala, yakanitoa mlangoni taratibu, na kuku wangu analalia mayai miguuni pangu. Tukateremka na mto. Kufika darajani, kiboko akaja, akaweka kidevu juu ya kitanda, upande wa miguuni. Akanitazama. Nikamtazama. Kuku akamtazama."

"Eeh!"

"Nikamwambia, wewe, hiki kitanda cha watu wazima. Akafungua mdomo. Mkwe, unanisikia? Akaufungua wote. Na mle ndani ya mdomo nikaona—"

Ti.

Nikautikisa mkonga. Nikaupiga gotini. Nikazitoa betri, nikazing'ata, nikazirudisha. Nakumbuka kuufungua mlango wa stoo. Uani sikumbuki kupita.

"Uliona nini, mama? Mdomoni mlikuwa na nini?"

Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule.

Bibi Yusta alikuwa kwenye kiti changu, kichwa wazi, mkonga bado sikioni. Ni mdogo! Kwa sauti ile nilikuwa nimemwekea mwili wa mkuu wa stesheni. Tukatazamana, kisha sote wawili tukakumbuka kwa pamoja. Yeye akavuta khanga mpaka kidevuni, mimi nikageukia ukutani nikaanza kuisoma kalenda. Kikombe cha Yared kilikuwa hewani, hakiendi mdomoni wala hakirudi mezani.

Bibi akaongea ndani ya ule mkonga uliokufa, kwa kuwa kuniambia moja kwa moja haifai.

"Mwambieni huyo aliyeko ukutani atoke kinyumenyume."

Nikatoka kinyumenyume, nikagonga kigoda, nikasimama nje ya dirisha mahali pangu pa mpira.

"Yared, shusha mizigo."

"Mama, gari la watu linasubiri."

"Nimeonwa! Mama mkwe akionwa, havuki kizingiti cha nyumba ile mpaka mkosaji alete kuku mweupe asiye na doa hata moja. Nikivuka kabla, wajukuu watazaliwa visigino vikiwa mbele."

"Mila hiyo mbona sijawahi kuisikia?"

"Utaisikia wapi, wewe wa juzi?"

Yared ana mvi mpaka kwenye nyusi. Akanichungulia dirishani. "Shemeji, wewe umewahi kuisikia?"

"Iko," nikasema. "Kali sana."

Devota akaingia jikoni haraka, akajifunika uso kwa upande wa khanga. Safari hii hakutaja vitunguu. Mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko.

Yared akarudi Rudewa na gunia la mahindi kwenye siti ya mama yake. Kesho yake nikanunua kuku kwa Ngolo, mweupe kama pamba. Nikampandisha dirishani, mgongo wangu kwa Bibi, na mkonga uliochajiwa sikioni.

"Mgeuze," Bibi akasema. "Inua bawa. La pili. Aa! Hapo pana doa."

"Nami naliona, mama. Bahati mbaya."

"Tafuta mwingine, mkwe. Usijihimize."

"Na yule kiboko, mama?"

"Kuku kwanza."

Juma lile Optatus akapiga. "Baba shikamoo. Vipi ile simu, inafaa?"

"Marahaba. Mbovu. Sauti ya kisimani, haifiki zizi la jirani, na betri inakufa mtu akifika penye utamu."

"Basi nisiagize."

"Agiza, na betri ziwe hizohizo. Ila kabla ya kuuza, muulize mteja kama ana mama mkwe."

Mpaka leo sijui mdomoni mwa kiboko mlikuwa na nini, na nakula stoo vilevile. Kuku yule ameshatotoa. Vifaranga wote wametoka weupe bila doa, hali ambayo ni ya hatari, kwa hiyo asubuhi, kabla Bibi hajaamka, napita bandani na sufuria ya Devota, namtia kila mmoja masizi kidogo chini ya bawa.